Kabla ya Kuihukumu Tabo

Atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa kwa barabara kuu, baada ya kuiacha mbuga ya Mikumi na kulipita bonde la mibuyu, ambamo mto Ruaha Mkuu hufuatana na barabara kwa kitambo kirefu, hufika mahali ambapo ardhi iliyo mbele yake husimama kama ukuta, na njia, ambayo kwa saa nyingi ilikuwa ikinyooka, huanza kujikunja huku na huku kutafuta pa kupandia. Hapo ndipo Kitonga. Madereva wa malori hupaheshimu kama manahodha wanavyoiheshimu miamba iliyo chini ya maji, na kila injini ipitayo pale, iwe ya lori lililobeba saruji au ya gari dogo la mtu na jamaa zake, hutoa ushahidi wa siha yake wala haina uwezo wa kuuficha.

Mwaka juzi, katika mwezi wa Agosti, gari langu lilitoa ushahidi wake pale. Ni gari la dizeli lenye silinda 4 na tabo, limekwisha kutembea sana, na tangu mwezi wa Juni lilikuwa limeanza kuonyesha uzito ambao sikuuzoea. Katika tambarare lilikwenda salama, lakini kila lilipokutana na kilima, au nilipotaka kulipita lori, lilisita kama mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Nililipeleka katika gereji moja jijini. Fundi alifunua boneti, akawasha injini, akasikiliza kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha kahawa, kisha akanena neno ambalo wenye magari ya namna hii huliogopa kuliko yote: tabo imekufa. Sikumwuliza amejuaje. Nililipa shilingi 850,000 kwa tabo ya mtumba pamoja na ujira wa kuifunga, nikaomba nirudishiwe ile ya zamani, nikaitia ndani ya gunia na kuiweka katika buti, na baada ya siku kumi na mbili nikashika njia ya Iringa kwenda kwenye arusi ya mpwa wangu, nikiwa na mke wangu, mizigo, na moyo uliotulia.

Utulivu ule haukufika mbali. Katika kona za mwanzo tu za Kitonga nguvu zilipungua, nikashuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili, na kutoka ya pili hadi ya kwanza. Nikakanyaga mafuta mpaka kanyagio likagusa sakafu, na gari likawa linatambaa kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, huku nyuma yake likiacha moshi mweusi uliowafanya wenye mabasi wapige honi kwa ghadhabu. Tulipoona uwazi kando ya barabara tukaegesha. Nilikaa kimya nikishika usukani, nikiwaza juu ya fedha ile yote iliyokwenda na maradhi yaliyobaki.

Kabla sijaeleza yaliyotukia katika uwazi ule, ni haki kwanza kusema tabo ni kitu gani, maana chombo hiki husingiziwa mengi na watu wasioijua kazi yake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Injini hupumua. Kila kilo moja ya dizeli huhitaji zaidi ya kilo 14 za hewa ili iungue sawasawa, jambo ambalo humstaajabisha mtu akilifikiri kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sisi tumezoea kuhesabu lita za mafuta na kuidhania hewa kuwa si kitu. Injini ya lita 3 izungukayo mara 3,000 kwa dakika huvuta, bila ya msaada wowote, karibu lita 4,500 za hewa katika dakika hiyo moja. Tabo huiongezea pumzi hiyo. Ni magurudumu mawili madogo ya mapanga yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja: la kwanza husukumwa na moshi wa moto utokao katika silinda, ambao katika injini nyingine huenda bure, na la pili, kwa kuwa limeungana na mwenzake, huzunguka pamoja naye, likavuta hewa kutoka upande wa chujio, likaigandamiza na kuishindilia ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao umeelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Wazo hili ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliandikishia hataza mwaka 1905, na ikapita miaka kama ishirini kabla halijafanya kazi ya manufaa katika injini kubwa za meli. Lakini jaribio ambalo kila apandaye Kitonga angelifahamu kwa wepesi ni lile la Mmarekani Sanford Moss, ambaye katika mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege ya aina ya Liberty hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak katika Colorado, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 4,300, ambako hewa ni nyepesi mno. Injini ile, iliyokuwa na nguvu za farasi 350 hivi huku chini, kule juu ilitoa 230 tu; na ilipofungiwa tabo ikatoa 356. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 ipandazo, na mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500. Kwa hiyo msafiri atokaye pwani huhitaji msaada huu pale pale ambapo ukikosekana atauona zaidi upungufu wake.

Sasa, jambo ambalo ningependa msomaji alishike ni hili: tabo haifanyi kazi peke yake. Hewa huingia kwa chujio, ikapita katika mpira mnene, ndipo ikaifikia tabo. Ikitoka hapo hupita katika mpira wa pili, na katika magari mengi huingia kwanza katika intakula, ambayo ni kama rejeta ya kuipoza hewa, kisha mpira wa tatu huifikisha kwenye injini. Kando ya njia hiyo kuna vijipira vyembamba, vingine havizidi unene wa kalamu, vinavyopeleka habari za shinikizo au vinavyoivuta mikono ya kuongoza tabo. Katika mlolongo huo wote, vilivyo vya karatasi na mpira ni vingi, na kilicho cha chuma kigumu ni tabo yenyewe. Mtu mwenye insafu, akiambiwa kuwa mlolongo umekatika mahali, angeanza kuutazama kwenye karatasi na mpira. Sisi aghalabu huanza kwenye chuma, kwa sababu chuma kile kina jina na bei kubwa.

Nirudi Kitonga. Mbele yetu katika uwazi ule lilikuwa limesimama lori lenye tela, likipoza injini, na utingo wake, kijana wa miaka ishirini hivi mwenye mikono iliyokolea grisi, alikuja hadi dirishani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Tukamwitikia. Nikamweleza taabu yetu na habari ya tabo mpya, nami nilitaraji angesema tabo ile ni mbovu. Badala yake aliniuliza swali ambalo fundi wa mjini hakuliuliza.

"Huu moshi mweusi, mzee, umeanza leo?"

Aliyejibu ni mke wangu. Alisema ameuona tangu Juni, kwa kuwa kamba yetu ya kuanikia nguo iko karibu na lango, na kila asubuhi nilipoondoka nguo nyeupe zilibaki na vumbi la masizi. Mimi mwenye gari nilikuwa sijui.

"Basi gari lako lina njaa ya hewa," alisema kijana. "Chakula linapata."

Katika maneno hayo machache kuna elimu ambayo ingeniokolea fedha zangu, nami naomba nikae juu yake kidogo. Injini ya dizeli inapokosa nguvu, moshi ndio ulimi wake. Ukitoka mweusi, mafuta yanafika na hewa haitoshi, na masizi hayo ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia. Basi itafutwe njia ya hewa. Nguvu zikipungua na moshi usionekane kabisa, aghalabu mafuta ndiyo yasiyofika, na uchunguzi uanzie kwenye chujio la dizeli, ambalo huziba kwa uchafu wa tangi na huweka maji chini yake. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huo ndio ulio karibu zaidi na dhana ya tabo iliyochakaa, ingawa nao una sababu nyingine. Gari langu lilikuwa limetoa jawabu lake kwa rangi mbele ya macho yetu kwa miezi miwili.

Kijana alinitaka nifunue boneti, niwashe injini na kukanyaga mafuta kwa nguvu kila aniambiapo. Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya pili aliinama zaidi, akamwita mke wangu aje atazame, kisha tukabadilishana nafasi ili nami nione. Mpira ule mnene kati ya chujio na tabo, ambao injini ikizunguka polepole ulikuwa mviringo na wenye afya, ulikuwa ukibonyea pande zote mbili kila injini ilipopaa, kama mashavu ya mtoto anyonyaye dafu kwa mrija. Na mguu ulipoondolewa kwenye mafuta ulirudi umbo lake kana kwamba haukufanya lolote. Ulikuwa umelainika kwa miaka mingi ya mvuke wa oili, maana kijibomba kinachotoa pumzi za tumbo la injini huingia katika mpira huo huo. Lakini ulaini pekee usingetosha kuubonyeza. Alipolifungua sanduku la chujio alitoa karatasi iliyokuwa nyekundu kwa vumbi, mikunjo yake imejaa kama mitaro iliyofukiwa na mchanga, na hapo sababu zikajipanga: chujio limeziba, injini inavuta kwa nguvu zaidi, mpira laini unakunjamana, na hewa inakatika hasa pale inapohitajika. Tabo iliyoondolewa na tabo iliyoletwa zote mbili zilikuwa zikikabwa koo.

Alivuta mpira wa upepo kutoka kwenye mitungi ya lori, akalipuliza chujio kutoka ndani kuelekea nje, kwa umbali, ili asiitoboe karatasi. Tulipanda Kitonga kwa gia ya pili, na penye unafuu ya tatu, moshi ukiwa umepungua hata hauonekani katika kioo. Mjini Iringa nilinunua chujio jipya kwa shilingi 35,000, na mpira kwa 60,000.

Tangu siku hiyo nimeyasoma mambo haya kwa bidii, nimewauliza mafundi, na nimelala chini ya magari ya jamaa zangu. Yapo mambo ambayo hayahitaji hata kufunua boneti. Breki iliyoganda hulizuia gari kama mtu aliyeshika koti lako, nawe hujua kwa kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu baada ya safari fupi, bila ya kuligusa, na kuona ni lipi limetoa joto kuliko wenzake. Upepo wa matairi ni wa kutazamwa vivyo hivyo. Bomba la moshi lililobonyezwa na jiwe katika barabara mbovu huifunga injini pumzi upande wa pili, na hilo huonekana kwa kuinama tu.

Mipira ya upande wa shinikizo, baada ya tabo, inataka subira zaidi, kwa kuwa tabia yake ni kinyume cha ile ya mpira wangu: huo ulijifunga kwa kuvutwa, na hii hufunguka kwa kusukumwa. Ufa mdogo chini ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki, hukaa umefumba injini ikiwa imetulia gerejini, ukafumbuka gari likiwa na mzigo mlimani. Basi ni lazima mkono upite chini ya kila mpira, polepole, injini ikiwa imepoa, ukitafuta unyevu wa oili, kwa sababu hewa ya tabo huchukua ukungu kidogo wa oili, na palipo na ufa ukungu huo huacha doa jeusi lenye kushika vumbi. Sikio nalo lina kazi yake: mlio wa kufoka, kama wa tairi linalotoka upepo, ambao husikika tu ukikanyaga mafuta, ni dalili ya kuaminiwa sana. Palipo na shaka, maji ya sabuni hupakwa juu ya viungo na mwenzako akaongeza mwendo wa injini; mapovu hayasemi uongo. Vibano vya chuma vishikiliavyo mipira vikazwe, lakini kwa kiasi, kwa maana kibano kilichokazwa kupita kiasi huukata mpira kinaoulinda. Na vile vijipira vyembamba vikunjwe kwa vidole: kilichokauka kwa joto hukatika papo hapo, nawe umeipata kasoro yako kwa gharama isiyofikia nauli ya daladala ya kumfuata fundi.

Magari ya siku hizi yameongeza hakimu mwingine, naye ni kompyuta. Ikiona shinikizo la hewa halilingani na lile inalolitarajia, huwasha taa ya injini na kuzipunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini, na gari likipimwa kwa mashine aghalabu utaonyeshwa alama ya P0299. Nimewaona wenye magari wakiambiwa kuwa alama hiyo maana yake tabo imekufa. Sivyo. Maana yake ni kwamba shinikizo limepungua, basi. Haisemi limepungua kwa nini, wala haiwezi kutofautisha tabo iliyovunjika na mpira uliochomoka. Ni kama kipimo cha joto la mwili, ambacho humwambia tabibu kwamba mgonjwa ana homa na kumwachia yeye kazi ya kutafuta iliyoileta. Hata katika tabo zenye mapezi yanayogeuka ndani, ambazo huganda kwa masizi, mara nyingi yatakiwayo ni kusafishwa tu.

Siandiki haya kuwashutumu mafundi. Nimelitaamuli sana kosa lililofanyika katika gari langu, na kila nikilirudia naona sehemu yangu ndani yake. Nilipofika gereji nilikuwa na haraka, nilitaka jawabu kabla ya adhuhuri, na nilikuwa tayari kulipia chombo lakini si kulipia muda. Hii ndiyo desturi yetu. Mtu akitoa laki nane akapewa kitu kizito mkononi huona amepata thamani ya fedha yake; lakini fundi akitumia saa tatu kupapasa mipira, kisha akakaza kibano kimoja na kuomba shilingi 30,000, mteja hulalamika kwamba ametozwa fedha kwa kuzungusha bisibisi. Maadamu ujira wa ufundi uko katika vipuri, na ule wa kutafuta hauna bei, fundi mwenye watoto wa kulisha atafanya nini ila kubadilisha vipuri? Siku hizi nikienda gereji husema mapema, kabla boneti haijafunuliwa, kuwa nitalipia uchunguzi, hata kama mwisho wake hakuna kitakachobadilishwa, na nimeona jinsi neno hilo linavyobadilisha uso wa fundi na namna anavyoshika tochi.

Zipo tabo zinazokufa kweli. Hulia kama king'ora, hutoa moshi wa buluu, na ukivua mpira na kushika mhimili wake huona unacheza kando hata mapanga yakagusa ukuta wa nyumba yake. Lakini hata hapo ni wajibu kuuliza kilichoiua, kwa sababu tabo haifi bila ya muuaji: ni oili iliyochelewa kubadilishwa, au kijibomba cha oili kilichoziba kwa masizi, au kijiwe kilichopita katika chujio lililochanika. Atakayefunga mpya bila ya kusafisha njia ya oili atairudia kaburini baada ya muda si mrefu, na fedha zake pamoja nayo.

Arusi ya mpwa wangu ilipokwisha, siku mbili kabla ya kurudi, nilimpelekea fundi mmoja wa Iringa lile gunia lililokuwa katika buti. Aliitoa tabo ya zamani, akaifuta kwa kitambaa, akaushika mhimili na kuutikisa kwa vidole viwili. Haukucheza. Akayasukuma mapanga kwa ncha ya kidole, yakazunguka kwa muda mrefu bila ya sauti. Kisha akavua mpira wa gari, akaishika ile ya mtumba niliyouziwa Dar es Salaam, na hiyo mhimili wake ulicheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Alinitazama, hakusema neno, nami nikamwambia airudishe ya zamani mahali pake. Iko pale hadi leo, na mwezi uliopita imepanda Kitonga tukiwa watu watano na magunia mawili ya mchele.